Wagalatia wa kwenye Biblia walikuwa Wakelti: uzi wa watu walioandikwa na adui zao

#1 Mchonga Mwiko

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye kahawa avute kigoda.

Jumapili moja lilisomwa somo kutoka Wagalatia sura ya 3: "Enyi Wagalatia msio na akili, ni nani aliyewaloga?" Nikamnong'oneza mzee niliyekaa naye benchi moja: "Mzee, hawa Wagalatia walikuwa kabila gani?" Akajibu bila kunitazama, "Wayahudi hao. Nyamaza, tunasali." Nikanyamaza, ila tangu siku hiyo nimekuwa nikilichimba swali hili kila nikipata nafasi, na leo namwaga nilichopata.

Hawakuwa Wayahudi. Walikuwa Wakelti. Mwaka 278 KK mfalme Nicomedes wa Bithynia, huko ambako leo ni kaskazini magharibi mwa Uturuki, alikuwa akigombea ufalme na ndugu yake. Akakodi watu wa vita kutoka ng'ambo. Wakavuka wapatao 20,000, nusu tu ndio wenye silaha, waliobaki ni wake, watoto na wazee. Ukiona askari wa kukodiwa anakuja na bibi yake na sufuria, ujue huyo harudi. Na kweli hawakurudi. Walijikatia nchi kuzunguka mji wa Ankyra, ndio Ankara ya leo, na Wagiriki wakaiita Galatia. Zaidi ya miaka 600 baadaye, Jerome, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliandika kwamba watu hao bado wana lugha yao wenyewe na inakaribiana na ya watu wa Trier. Trier iko Ujerumani, wakuu. Pimeni kwenye ramani.

Kabla hamjanirukia: wasomi wa Biblia wanabishana hadi leo kama Paulo aliwaandikia Wagalatia wa damu wa huko kaskazini, au watu mchanganyiko wa miji ya kusini ya jimbo la Kirumi lililobeba jina hilo. Ubishi huo siuingilii. Jina ni la Wakelti, hilo halina mgogoro.

Sasa Wakelti ni akina nani? Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanatafuta kabila moja, mfalme mmoja, mji mkuu mmoja. Hakukuwa na kitu hicho. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, anasema mto Danube unaanzia kwenye nchi ya Keltoi. Julius Caesar anasema watu wa sehemu moja kati ya tatu za Gallia (Ufaransa ya leo na majirani zake) hujiita Celtae kwa lugha yao, ila Warumi wanawaita Galli. Sehemu moja kati ya tatu, si wote. Na Warumi hao hao walipofika kisiwa cha Britania waliwaita wenyeji Wabritoni, si Wakelti.

Mbona basi leo Mwelshi na Mwairish wanaitwa Wakelti? Jibu ni Edward Lhuyd, mtunza makumbusho ya Ashmolean pale Oxford. Alizunguka miaka kadhaa Wales, Cornwall, Brittany, Ireland na nyanda za juu za Uskoti akiokota maneno, na mwaka 1707 akachapisha kitabu kuonyesha kwamba lugha zile zote ni za tumbo moja, pamoja na Kigalli kilichokufa. Ukoo huo wa lugha ndio ukabaki na jina la Kikelti.

Sisi hatupaswi kushangaa. Wilhelm Bleek alikusanya lugha zetu mwaka 1862 akaziita Bantu, na babu zetu wakageuka "Wabantu" bila kuulizwa. Babu yangu alijijua kuwa Mhehe. Ubantu aliusikia kwa mwalimu. Na ushahidi wake ni wa aina ile ile. Sisi tuna mtu, Mkikuyu ana mũndũ, Mganda ana omuntu, Mzulu ana umuntu. Wao kichwa ni pen kwa Mwelshi na ceann kwa Mwairish. Nne ni pedwar na ceathair. "Mwana wa" ni mab na mac. Mwelshi akiweka p (mwishoni mwa neno ikalegea kuwa b), Mwairish anaweka k, hata kama anaiandika c. Kwa hiyo ukimwita mtu Mkelti, umetaja zaidi ulimi wake kuliko ufalme wake.

Naendelea, msifunge.

#2 Mwana wa Ngong

Nimeingia mbio nikijua ni uzi wa mpira. Celtic kwetu ni Victor Wanyama na lile bao la kichwa dhidi ya Barcelona, Novemba 2012. Halafu mkuu, tunatamka Kelti ama Selti?

#3 Mchonga Mwiko

Watu wa kale ni kwa K, kama Wagiriki walivyotamka. Timu ni kwa S, iwe ya Glasgow au ile ya kikapu ya Boston. Ya Glasgow ilianzishwa mwaka 1887 na Brother Walfrid, mtawa wa Ireland, ili kuchangisha fedha za kuwalisha maskini, wengi wao wahamiaji wa Kiairish. Kwa hiyo Wanyama wenu alifunga akiwa amevaa jina hili hili tunalolijadili.

#4 Mchonga Mwiko

Tuje kwenye udongo, maana huko ndiko wanakosema wenyewe.

Mwaka 1846 huko Hallstatt, kijiji cha Austria kilichobanwa kati ya ziwa na mlima wa chumvi, msimamizi wa mgodi aitwaye Johann Georg Ramsauer aliona makaburi. Angeweza kuchukua dhahabu akanyamaza. Badala yake alichimba hadi 1863, makaburi yapata 980, na kila kaburi likachorwa kwa rangi za maji: mifupa imelala vipi, upanga uko upande gani, vyungu viko wapi. Wakati huo hata wasomi wengi walikuwa wakifukua kama panya. Kwa sababu ya kazi yake, kipindi chote cha kwanza cha chuma Ulaya ya kati, takriban 800 hadi 450 KK, kinaitwa Hallstatt. Kinachofuata kinaitwa La Tène, kwa jina la sehemu kwenye ziwa Neuchâtel, Uswisi, ambako mwaka 1857 maji yalipungua na panga za chuma zikaonekana kwenye tope. Tahadhari tu: watu wa Hallstatt hawakutuachia maandishi ya kusema walizungumza nini. Wanaunganishwa na Wakelti kwa mahali na kwa vitu.

Chumvi ilikuwa ndiyo mafuta ya petroli ya enzi hizo. Nyama ya nguruwe bila chumvi haifiki majira ya kuchipua. Na chumvi ile ile iliyowatajirisha ndiyo iliyohifadhi takataka zao mgodini: mifuko ya ngozi, vijiti vya mienge vyenye alama za meno, na, samahani kwa wanaokula, hata kinyesi. Mwaka 2021 watafiti walichapisha uchunguzi wa kinyesi hicho na kukuta mtu wa miaka kama 2,600 iliyopita alikuwa amekula jibini ya ukungu wa bluu na kunywa bia. Kule Dürrnberg, mgodi mwingine wa Austria, mwaka 2023 kilitoka kiatu cha ngozi cha mtoto, saizi 30, na kamba yake ya kitani bado imo tunduni. Saizi 30 ni mtoto wa darasa la kwanza au la pili. Alikuwa anafanya nini ndani ya mgodi? Mnajua jibu.

Toka mgodini nenda juu, kwa wakubwa. Mwaka 1978 karibu na Stuttgart, kijiji cha Hochdorf, walifungua kilima cha kaburi la mwaka kama 530 KK ambacho wezi hawakuwahi kukigusa. Ndani alilala mwanamume wa zaidi ya mita 1.80 juu ya kochi la shaba lenye urefu wa karibu mita tatu. Kochi lenyewe limebebwa na wanawake wanane wa shaba, kila mmoja amesimama juu ya gurudumu dogo, yaani ungeweza kulisukuma. Viatu vyake vimepambwa kwa bamba la dhahabu. Kichwani kofia ya gome la mti. Pembeni wembe, kikata kucha na ndoana tatu za samaki. Hizo ndoana ndizo zilizonimaliza. Umevikwa dhahabu mpaka miguuni, lakini kuna mtu aliyekujua vizuri akakumbuka kukuwekea ndoana zako.

Miguuni pake lilikaa dude la shaba la lita 500, kazi ya Wagiriki, lenye simba watatu ukingoni. Simba mmoja alipotea, na fundi wa pale pale akachonga mwingine. Hafanani na wenzake, ana sura ya kienyeji kabisa. Ndani kulikuwa na masalia ya pombe ya asali. Ndiyo, wanzuki. Na ukutani pembe tisa za kunywea, ya mwenye nyumba ni ya chuma na inaingia lita tano na nusu. Sahani nazo ni za watu tisa. Walimwandalia karamu aendelee nayo huko aendako.

#5 Bint Pwani

Jamani lita tano na nusu kwa mkupuo. Na alikuwa anajua kukata kucha. Huku tulifundishwa kuwa ni washenzi wa msituni.

Swali langu: kuna mtu alisema kwenye uzi mwingine kwamba neno letu "gari" limetoka kwa Wakelti. Kweli hiyo?

#6 Mchonga Mwiko

Dada yangu, hiyo chai. Gari letu limekuja na Wahindi, ni neno la Kihindi. Ila Wagalli walikuwa na neno lao karros, na Warumi, ambao hawakuwa wajuzi wa magari kama wao, wakalichukua likawa carrus. Likazaa kitenzi cha kupakia mzigo garini, kikapita Kifaransa kikaingia Kiingereza, kikaja kwetu kama chaji. Kwa hiyo ukisema "simu haina chaji" kuna Mgalli anageuka kaburini.

Na kuna lingine linalokuhusu kila asubuhi. Plinius, Mrumi wa karne ya 1 BK, anaandika kwamba sapo ni kitu kilichobuniwa na Wagalli, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na majivu, bora zaidi yakiwa mafuta ya mbuzi. Eti waliitumia kutia nywele wekundu. Warumi wao walijipaka mafuta wakajikwangua. Neno sapo likaenda kwa Wagiriki, likafika kwa Waarabu likawa sabun, na majahazi yakatuletea sabuni.

Kuhusu ushenzi, msome Diodorus wa Sicily. Anasema Wagalli walipaka nywele maji ya chokaa wakazirudisha nyuma mpaka zikawa kama manyoya ya shingo ya farasi, na masharubu yao yalifunika mdomo, wakinywa kinywaji kinapita humo kama kwenye chujio. Unaona kabisa Mgiriki amekaa karamuni, amekunja pua, anaandika. Lakini kalamu ile ile inasema walivaa nguo za rangi nyingi na suruali. Suruali, wakuu, Warumi waliiona ni vazi la mshamba.

Diodorus huyo huyo anasimulia jambo lisilochekesha. Wafanyabiashara wa Italia walipanda mito na mitungi ya divai, na Mgalli alitoa mtumwa mmoja kwa mtungi mmoja. Watu wa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa biashara ya namna hiyo.

#7 Ngoma Droo

Mkuu shusha madruidi. Wale makuhani wa Wakelti, wazee wa kanzu nyeupe, ndio tuliokuja kuwasikia.

#8 Mchonga Mwiko

Kanzu nyeupe ni ya Plinius tena. Anasema siku ya sita ya mwezi mwandamo druidi mwenye vazi jeupe hupanda mwaloni na mundu wa dhahabu, anakata kirukia, ule mmea unaoota juu ya mti wa mwenzake, wenziwe wanaudaka kwa kitambaa cheupe, kisha wanachinja mafahali wawili weupe. Picha zote za madruidi mlizoziona zimetoka kwenye aya hiyo moja.

Caesar anatoa yenye nyama zaidi. Druidi hakuwa kuhani tu. Alikuwa hakimu wa kesi za mipaka, urithi na mauaji. Asiyekubali hukumu alizuiwa kuhudhuria kafara, na watu wakamkwepa kama mwenye ukoma. Hawakwenda vitani, hawakulipa kodi. Mara moja kwa mwaka walikutana katika nchi ya Wakarnuti, walioacha jina lao kwenye mji wa Chartres. Na mafunzo: wengine walikaa hadi miaka 20 wakikariri mashairi. Kuandika elimu hiyo ilikuwa mwiko. Si kwamba hawakujua herufi. Kwa hesabu na mambo ya kawaida walitumia herufi za Kigiriki. Caesar anakisia sababu mbili: hawakutaka elimu isambae hovyo, na hawakutaka mwanafunzi ategemee maandishi akazembea kukumbuka.

Waliokulia karibu na madrasa au jandoni watanielewa upesi kuliko profesa wa Ulaya. Kuna elimu ambayo ukiiandika umeiua. Tabu yake ni kwamba mwalimu akichinjwa, maktaba imeungua.

Walichofundisha hasa ni kwamba roho haifi, inahamia kwingine. Na hawakuisema kwa mdomo tu. Waandishi wawili wa Kilatini wanataja kwamba Wagalli walikopeshana fedha kwa makubaliano ya kulipana ahera. Hebu jaribu hilo na hawa wa mikopo ya kwenye simu.

Jambo jingine nililolipenda: walihesabu kwa usiku, si kwa mchana. Caesar anasema siku zao za kuzaliwa na mwanzo wa miezi zilianza na usiku, mchana ukafuata. Mzungu wa leo anaona ni maajabu. Mswahili ambaye siku yake inaanza jua likizama, ambaye usiku wa Ijumaa kwake ni ule unaotangulia Ijumaa, haoni ajabu yoyote. Hata leo wiki kwa Kiwelshi ni wythnos, maana yake usiku nane. Na mwaka 1897 huko Coligny, Ufaransa, vilipatikana vipande vya kalenda ya shaba kwa lugha ya Kigalli: miaka mitano, miezi 62, kila mwezi umeandikwa kuwa mat au anm, yaani mwema au si mwema. Ina matundu ya kuchomeka kijiti siku baada ya siku. Kalenda iliruhusiwa kuandikwa. Dini yenyewe, hapana.

#9 Kijiti cha Moto

Mimi napinga kidogo. Hizi habari zinazosemwa kuhusu madruidi, za kuchoma watu ndani ya sanamu, si ndio zile zile za mkoloni? Anayekuja kuchukua ardhi yako lazima kwanza aseme unakula watu. Tumezisikia hizo hapa kwetu.

#10 Mchonga Mwiko

Hoja nzito, na nakuunga mkono nusu. Caesar ndiye aliyeandika habari za sanamu kubwa za fito zilizosukwa, zilizojazwa watu hai zikatiwa moto. Huyu ni jemadari aliyekuwa vitani tangu 58 KK, anayehitaji Roma iamini kwamba vita vyake ni vya haki. Na Roma yenyewe ilijaza viwanja kutazama watu wakiuana kwa burudani, halafu inashangaa kafara ya Mgalli.

Nusu nyingine siwezi kuifuta, kwa sababu ya vitu vilivyotoka ardhini. Kusini mwa Ufaransa, Roquepertuse, kuna nguzo za mawe zilizochongwa matundu ya kuwekea vichwa vya watu. Agosti 1984, Lindow, Uingereza, wachimba mboji walikuta mwili wa mwanamume uliohifadhiwa na kinamasi: amepigwa kichwani, kamba imekaza shingo, koo limekatwa. Tumboni mkate uliounguaungua na chembe chache za chavua ya kirukia. Wapo wanaobisha baadhi ya majeraha na tarehe yake, lakini huyu mtu hakuteleza akaanguka.

Na kuna mnyororo. Mwaka 1942, kisiwa cha Anglesey, Wales, walikuwa wanajenga uwanja wa ndege za kivita. Wakachota tope la ziwa Llyn Cerrig Bach, na ndani yake mnyororo mzito wa chuma. Malori yalikuwa yakikwama, wakaufunga kwenye trekta wakayavutia. Ukayavuta bila kukatika. Baadaye ndipo ikatambulika una umri wa kama miaka 2,000, na vile vitanzi vyake vilikuwa vya kufungia shingo za watu msururu mmoja. Aliyefika makumbusho ya Bagamoyo anaijua kazi hiyo ya mhunzi bila kuelezwa. Ulitupwa ziwani pamoja na panga, mikuki na vyuma vya magari ya vita, sadaka kwa maji.

Anglesey ndicho kisiwa ambacho jemadari Suetonius Paulinus alikivamia mwaka 60 au 61 BK kuwamaliza madruidi. Tacitus, mwanahistoria wa Roma, anasimulia askari wa Kirumi walivyoganda ufukweni wakiwaona wanawake wa nguo nyeusi wakikimbia na mienge huku madruidi wameinua mikono wakilaani. Walivuka, wakaua, wakafyeka vichaka vitakatifu. Akiwa huko huko ndipo Boudica akawasha moto nyuma yake: mjane wa mfalme wa Waiceni, aliyechapwa viboko na mabinti zake kunajisiwa baada ya Warumi kutwaa urithi. Alichoma Colchester, London na St Albans. Chini ya London tabaka la udongo mwekundu wa moto ule bado linakutwa na wajenzi wanapochimba misingi. Kisha akashindwa.

#11 Mto Ruzizi

Ndugu zangu, salamu toka Bukavu. Mbona hamjataja Wabelgiji? Hao waliotutawala ni Wakelti ama hapana?

#12 Mchonga Mwiko

Jina, ndiyo. Belgae lilikuwa kundi la makabila ya kaskazini mwa Gallia, na Caesar aliwasifu kuwa mashujaa kuliko wote, kwa sababu wako mbali na wafanyabiashara wanaoleta vitu vya kulegeza wanaume. Nchi ya kisasa ilipojitenga mwaka 1830 ililichukua jina hilo la kale. Watu wake leo wanazungumza Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani kidogo, hakuna Kikelti hapo. Kwa hiyo jina la watu waliotawaliwa na Roma likaja kukaa juu ya mihuri ya ofisi za Kongo. Paris nayo ni mji wa kabila la Waparisi, Reims ni ya Waremi.

Nikiwa bado bara letu: Wakelti walifika Afrika. Ptolemy wa pili wa Misri alikodi wapatao 4,000, wakapanga njama ya kumpindua, akawatelekeza kwenye kisiwa cha mto Nile wakafa kwa njaa na kwa panga zao wenyewe. Na Cleopatra alikuwa na walinzi 400 wa Kigalli. Alipokufa, Roma iliwagawa kwa Herode wa Uyahudi kama mtu anayegawa samani za marehemu.

#13 Ngoma Droo

Vita vya Roma umevipitia juu juu mkuu.

#14 Mchonga Mwiko

Kwa makusudi, vimeimbwa mno. Kwa ufupi: karibu mwaka 390 KK Wagalli wa Brennus waliishinda Roma kwenye mto Allia, wakauteka mji, wakadai ratili 1,000 za dhahabu. Warumi walipolalamika mizani imechezewa, Brennus alitupia upanga wake juu ya mizani: ole wao walioshindwa. Roma haikusahau. Mwaka 52 KK Caesar alimzingira Vercingetorix, kiongozi wa Wagalli, juu ya kilima cha Alesia kwa ukuta wa kilomita kama 15, kisha akajenga wa pili wa kama 21 nyuma ya mgongo wake kuwazuia waliokuja kuokoa. Waliokuja wakashindwa kupenya. Vercingetorix alijisalimisha, akafungwa miaka sita, akapitishwa barabarani mwaka 46 KK kisha akauawa.

#15 Bint Pwani

Boudica umetupa mistari mitatu. Wanawake wengine je?

#16 Mchonga Mwiko

Kaburi la Vix, Ufaransa, lililofunguliwa 1953. Mwanamke wa mwaka kama 500 KK, shingoni dhahabu ya karibu nusu kilo, na kando yake chombo cha shaba cha kuchanganyia divai chenye urefu wa mita 1.64 na ujazo wa lita 1,100. Kirefu kuliko wanawake wengi mtaani kwetu. Wasomi wa kwanza walihangaika sana kutafuta namna ambayo asiwe mtawala.

Na mwaka 2025 utafiti wa vinasaba vya makaburi ya Wadurotriges huko Dorset, kusini mwa Uingereza, ulionyesha wengi waliozikwa pale wametokana na ukoo mmoja wa mama, na wanaume ndio waliotoka nje. Bwana alihamia ukweni. Wayao na Wamakua mtacheka, maana hilo kwenu si utafiti.

Nimalizie na hili maana umeme unachezacheza. Nimesema hawakuandika mambo ya roho. Mwaka 1983, L'Hospitalet-du-Larzac, kusini mwa Ufaransa, ndani ya kaburi la mwanamke, juu ya chungu cha majivu yake, lilikutwa bamba la risasi la mwaka kama 100 BK, miaka hamsini hivi baada ya waraka wa Paulo. Limeandikwa kwa ncha kali, herufi za Kilatini, lugha Kigalli. Ukiiacha ile kalenda ya Coligny, ndiyo maandishi marefu kuliko yote ya lugha hiyo tuliyonayo, herufi zaidi ya 1,000. Na yanahusu nini? Bnanom brictom. Uchawi wa wanawake. Ukijua Kiairish unaliona bean, mwanamke, limejificha humo, na brictom ni bricht ya Kiairish cha kale, uganga wa maneno. Kisha inafuata orodha ya wanawake mmoja mmoja: fulani, matir wa fulani, fulani, duxtir wa fulani. Mama wa, binti wa.

#17 Kijiti cha Moto

Ni nani aliyewaloga sasa?

#18 Mchonga Mwiko

Jina linalorudiwa ni Severa Tertionicna. Kama ndiye aliyeloga au ndiye aliyeitwa kuwafungua waliologwa, hapo wasomi bado wanatoana macho.